Chuo Kidogo au Chuo Chenye Jina?

Kikundi kimoja cha akina mama kilituletea swali. Binti wa mwanachama wao amepata nafasi mbili Marekani. Moja ni ya chuo kikuu ambacho kila mtu amekisikia, nyingine ni ya chuo kidogo ambacho hakuna aliyekijua. Binti anataka hicho kidogo. Wazee wakasema, "Kwani nani atachangia harambee ya chuo kisichojulikana?"

Kwanza tuelewe vyuo hivi vidogo. Amherst, Williams na Swarthmore ni baadhi yake. Kila kimoja kina wanafunzi kama 2,000 hivi, karibu wote wa shahada ya kwanza. Profesa mwenyewe ndiye anayefundisha na kusahihisha, na anakujua kwa jina. Katika chuo kikuu kama Harvard wanafunzi wanazidi 20,000, na wengi wao ni wa shahada za juu. Huko profesa anaweza kuhutubia ukumbi wa mamia, kisha wanafunzi wa shahada za juu ndio wanaoongoza vikundi na kusahihisha kazi. Hilo si baya. Maabara ni nyingi, wataalamu ni wengi, na kijana asiyeogopa kubisha mlango atafaidika. Lakini mtoto mnyamava anaweza kupotelea humo.

Tena muulizeni anataka kusomea nini. Vyuo vidogo vingi havina uhandisi, ingawa Swarthmore kinao. Na jameni, tusidanganyane kuhusu udaktari: Marekani mtu husoma shahada ya kwanza miaka minne ndipo aombe shule ya udaktari, na wageni hupata nafasi chache.

Mwaka 1960 Wangari Maathai alikwenda Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha masista Wabenedikto huko Atchison, Kansas. Alisomea biolojia, akamaliza 1964, ndipo akaingia Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa shahada ya pili. Ni wangapi hapa kijijini walikuwa wamekisikia chuo hicho cha masista? Na ndiye huyo aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani 2004.

Sasa pesa, maana hapa ndipo vikundi huumia. Vyuo vichache, vidogo kama Amherst na Bowdoin, na vikubwa kama Harvard, Yale na Princeton, humchagua hata mgeni bila kuangalia mfuko wa mzazi, halafu hujaza kile ambacho familia haiwezi kulipa. Vingi vingine havifanyi hivyo. Kwa hiyo someni barua ya ufadhili polepole. Kiasi gani ni zawadi, kiasi gani ni mkopo? Ni ya miaka yote minne, na akishuka alama je? Chakula, malazi, bima ya afya na nauli vimo? Pengo linalobaki zidisheni mara nne. Msitegemee vibarua: viza ya mwanafunzi humruhusu kazi za pale chuoni tu, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Tumewahi kuona kikundi kikichanga mwaka wa kwanza kwa shangwe, mwaka wa pili kikakosa, na kijana akarudi bila cheti.

Akina mama wale tulikaa nao baada ya Misa, barua zote mbili zikiwa mezani. Chuo chenye jina kilikuwa kimeacha zaidi ya nusu ya karo, kila mwaka. Kile kidogo kilikuwa kimeacha nauli na nguo za baridi. Mweka hazina akafungua daftari, akasema nauli wanaiweza.