Mnunuzi wa vifaa vya kurekodi ahesabu njia, si matundu

Mwenye mtaji mdogo anayetaka kufungua chumba cha kurekodi nyumbani, awe analenga kwaya, kikundi cha taarab au mazungumzo ya watu wanne, anapaswa kujua jambo moja kabla ya kwenda dukani: ni sauti ngapi zitaingia katika kompyuta kwa wakati mmoja, kila moja katika njia yake. Hilo ndilo linalopandisha au kushusha gharama.

Faida ya kutenganisha njia huonekana kikundi kikishaondoka. Ikibainika kuwa fidla imezidi, fundi hupunguza fidla zaidi ya vingine. Lakini sauti zikiwa zimechanganywa tangu mwanzo, dawa ni kuwaita wote warudie, na mteja hailipii siku hiyo ya pili.

Wengi huanza kwa kununua maikrofoni tatu au nne za USB kwa sababu ya urahisi wa bei. Kila maikrofoni ya aina hiyo ina saa yake ya ndani inayopima sauti, kwa kawaida mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde, na saa mbili hazilingani kabisa. Zikitofautiana kwa sehemu 50 katika milioni, baada ya dakika 60 sauti moja itakuwa nyuma ya nyingine kwa sekunde 0.18. Sikio husikia hali hiyo kama mwangwi. Kompyuta za Mac zinaweza kuunganisha vifaa kadhaa na kurekebisha tofauti hiyo. Katika Windows programu nyingi za kurekodi hutumia kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja.

Mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni miksa ndogo yenye USB. Mnunuzi huona matundu manane akadhani amepata njia nane, kumbe nyingi ya miksa hizo hupeleka kwenye kompyuta njia mbili tu, kushoto na kulia, zikiwa zimekwisha changanywa. Hata Zoom PodTrak P4, ambayo huhifadhi maikrofoni nne mbalimbali katika kadi yake ya kumbukumbu, hupeleka njia mbili tu kwa USB. Maneno ya kutafuta katika maelezo ya kifaa ni idadi ya njia zinazoingia kwenye kompyuta.

Kifaa kinachofaa ni kadi ya sauti ya nje yenye vikuza sauti vya kutosha, maana zote hufuata saa moja. Hapa pia namba hudanganya. Focusrite Scarlett 18i20 inahesabiwa njia 18 za kuingiza, lakini vikuza sauti vya maikrofoni ni 8. Zilizobaki ni za dijitali, 8 kati ya hizo zikipita kwenye waya wa mwanga unaoitwa ADAT. Kwa mwekezaji mdogo waya huo una thamani: biashara ikikua, anaongeza kisanduku cha vikuza sauti 8, kama Behringer ADA8200, bila kutupa alichonacho. Aangalie tu kwamba akirekodi kwa kipimo cha 96,000, njia za ADAT hupungua kutoka 8 hadi 4.

Maikrofoni za kondensa huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi hiyo. Za dainamiki, kama Shure SM58, hazihitaji, na hunasa kelele kidogo za chumba, jambo la maana kwa nyumba iliyo karibu na barabara.

Hesabu ya diski isisahaulike. Njia 8 kwa kipimo cha 48,000 na biti 24 hula takriban GB 4.1 kwa saa. Aidha, kompyuta ya mkononi ina betri, lakini kadi kubwa za sauti hutegemea umeme wa ukutani. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, kazi imesimama. Gharama ya betri ya akiba iingizwe katika mtaji tangu mwanzo.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kifaa kiunganishwe na kompyuta pale pale dukani, afungue programu ya kurekodi na kuhesabu njia zinazojitokeza kwenye skrini.