Mzee anayesahau asifungiwe chumbani

Je, una mzazi anayeuliza swali lile lile mara tano kwa saa moja? Je, huficha pesa kisha akadai zimeibwa, au hupotea katika njia ya sokoni aliyoipita maisha yake yote?

Dalili kama hizi zikiendelea kuzidi mwezi baada ya mwezi, usiseme ni uzee tu, wala usiseme amerogwa. Huenda ana maradhi ya ubongo ambayo madaktari huyaita dimensia. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu milioni 57 walikuwa nayo mwaka wa 2021. Aina inayoongoza ni ile ya Alzheimer.

Hadi sasa hakuna dawa ya kuyaponya. Hata hivyo, kukosa dawa ya kuponya si kukosa la kufanya.

Wakazi wa Alupe, katika barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba, wanajua maana ya kutengwa. Kwa miaka mingi hospitali ya hapo ilijulikana kwa wagonjwa wa ukoma, watu waliowekwa mbali na jamaa zao. Leo ukoma hutibiwa kwa vidonge na mgonjwa huishi nyumbani kwake. Lakini katika familia nyingi, mzee anayesahau ndiye anayetengwa sasa. Huwekwa chumba cha nyuma, huletewa chakula na mlango hufungwa.

Jamaa hufanya hivyo kwa hofu, na hofu hiyo ina msingi. Malori hupanga foleni ndefu kuelekea mpakani, na mzee akitangatanga anaweza kugongwa au kujikuta upande wa Uganda asijue alikofika. Lakini anayekaa peke yake mchana kutwa bila kazi wala mazungumzo huzidi kuchanganyikiwa, hukasirika upesi na usiku hakosi kuhangaika.

<b>Mikono hukumbuka</b>

Maradhi haya kwa kawaida huanza kwa kufuta mambo ya karibuni. Mzee hakumbuki alichokula asubuhi, lakini anasimulia harusi yake ya miaka 50 iliyopita. Kazi ambazo mikono ilizoea tangu ujana nazo hudumu zaidi. Aliyesahau jina la mjukuu wake bado anaweza kubambua njugu, kupepeta wimbi, kuchambua kunde au kusuka kamba. Nyimbo za kanisani na za ngoma hukaa muda mrefu pia.

Lugha ya kwanza hufuata njia hiyo hiyo. Mzee aliyezungumza Kiswahili sanifu akiwa kazini anaweza kurudia Kiteso au Kisamia pekee. Usidhani amekuwa bubu kwa sababu hakujibu Kiswahili cha wajukuu waliotoka mjini. Tafuta mtu wa kumsemesha kwa lugha ya mama yake.

Wataalamu wamejaribu jambo hili karibu nasi. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, wazee 34 wenye dimensia ambayo haijakolea walihudhuria vikao vya kikundi mara 14 kwa wiki saba. Vikao vya aina hii, vilivyobuniwa Uingereza, huwa na michezo, nyimbo na mazungumzo juu ya chakula, utoto na mambo ya kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yalionyesha kwamba uwezo wao wa kufikiri uliongezeka na wasiwasi ukapungua.

<b>Ufanye nini?</b>

Chagua kazi aliyoipenda zamani. Aliyekuwa mvuvi mpe wavu wa kushona, na aliyekuwa mchuuzi mpe nguo za kukunja na kupanga. Mwonyeshe hatua moja, amalize, ndipo umwonyeshe nyingine. Nusu saa asubuhi yatosha. Njugu zikimwagika, usimkaripie. Kazi hiyo ni kwa ajili yake, wala si kwa ajili ya chungu.

Muulize maoni, usimpe mtihani. "Mimi ni nani?" ni swali linalomwaibisha. "Wimbi hili unalionaje, ni zuri?" halina jibu la makosa.

Mrudishe kwa wenzake. Wazee wa Kiteso walizoea kuketi kuzunguka chungu kimoja cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Pombe haimfai mgonjwa huyu, lakini mduara ule unamfaa. Uji wa wimbi na marafiki wawili watafanya kazi hiyo.

Badala ya kufunga mlango, tembea naye kila siku. Mshonee nambari ya simu ya nyumbani ndani ya nguo, na uwaarifu majirani, wenye maduka na vijana wa bodaboda ili wakimwona peke yake wakupigie. Visu, mafuta ya taa na dawa ziwekwe mbali. Apimwe macho na masikio, kwani asiyesikia hutengwa hata akiwa katikati ya watu.

Zingatia pia kwamba mzee anayechanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, anahitaji daktari mara moja. Huenda ni malaria, ambayo ni nyingi Busia, au maambukizi ya mkojo, au dawa zilizomzidi.

Mwisho, wewe unayetuma pesa kutoka mjini, mkumbuke anayemtunza mzee huyo, mara nyingi binti au mkaza mwana asiyepata hata siku moja ya kupumzika. Safari ijayo kaa na mzazi wako siku nzima ili mtunzaji huyo aende sokoni au kanisani. Leta na gunia la njugu, mketi chini mbambue pamoja.