Kicheko cha Kichwa cha Habari

Jay Leno, aliyekabidhiwa kipindi cha The Tonight Show cha shirika la NBC mnamo mwaka wa 1992, alikuwa na desturi yake ya Jumatatu usiku: kuwasomea Wamarekani vipande vya magazeti yao wenyewe. Watazamaji ndio waliompelekea vichwa vya habari vilivyopotoka na matangazo yenye makosa ya chapa. Naye hakuwa na haja ya kubuni kisa. Alisoma, akanyamaza kidogo, ukumbi ukaangua kicheko.

Hapo pana somo kwa mwalimu wa lugha. Sisi hufundisha utata kwa "Amempigia mpira", mfano uliochakaa mpaka wanafunzi wanaukariri kama kasuku. Hebu wapewe kichwa hiki, nilichokitunga mwenyewe: "Mtoto wa chifu aliyeiba ng'ombe anaswa." Mwizi ni nani? Kirejeshi "-ye-" chaweza kumwangukia mtoto, chaweza pia kumwangukia chifu. Darasa litacheka, na licheke. Lakini huyo chifu, iwapo hana hatia, atacheka na nani? Mzaha wa Leno uliishia ukumbini. Mhariri wetu aweza kujikuta mahakamani, ambako hataulizwa alikusudia nini, bali msomaji wa kawaida alielewa nini.