Hesabu ya Mto Tana na Faida Yake kwa Mkulima



Wewe uliye na shamba kando ya Mto Tana, hapa Garissa au kule Bura na Hola, wajua kwamba mto huu hutulisha, na mto huu huu huweza kutunyang'anya. Mvua ikinyesha Mlima Kenya na Nyandarua, maji hutufikia hata kama kwetu ni jua kali. Mafuriko ya 1961, 1997, 2018, 2019, 2023 na 2024 yaliingia mashambani, na mkulima aliyechelewa kuhamisha pampu yake alipata hasara kubwa. Je, yawezekana kujua mapema maji yatafika wapi? Yawezekana kwa kiasi kikubwa. Soma hapa ujue jinsi wataalamu wa maji wafanyavyo.

DAFTARI LA MTO

Mwenye duka huandika mali iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki. Wataalamu nao huweka daftari la mto. Mvua ndiyo mali iingiayo. Udongo hunywa sehemu yake, jua na mimea huchukua yao, mabwawa huzuia nyingine. Inayobaki ndiyo iteremkayo kwetu. Daftari hilo likifanywa kwa hesabu ndani ya kompyuta, huitwa kielelezo cha maji.

Tufanye hesabu ndogo. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba, ni meta 10,000 za ujazo, yaani madebe 500,000 ya lita 20. Udongo mkavu wenye miti na matuta hunywa mengi katika hayo. Udongo ulioshiba maji, au ulioachwa mtupu, hunywa kidogo tu. Ndiyo sababu mvua ya mwanzo wa masika huenda isijaze mto, na mvua kama hiyo hiyo mwishoni mwa masika ikaleta mafuriko.

Kisha hesabu hupimwa. Garissa kuna kituo cha kupimia kina cha mto. Hesabu ikisema hivi na kipimo kikionyesha vingine, hesabu husahihishwa mpaka zipatane. Kwa hiyo anayeng'oa ubao wa kupimia maji ili apate chuma cha kuuza, anawapofusha wakulima wote wa bonde hili.

MABWAWA YA JUU

Juu yetu kuna mabwawa matano ya umeme: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Masinga ndilo kubwa kuliko yote. Likiwa na nafasi, huzuia maji ya mvua na kuyaachilia polepole, na mafuriko hupungua. Likijaa, kama 2018 na 2024, maji ya ziada hupita yenyewe katika njia ya kumwagia. Watu wengi husema mabwawa yamefunguliwa ili kutuharibia. Sivyo. Bwawa lililojaa halina pa kuyaweka maji. Lakini kutoka huko mpaka Garissa ni safari ya siku kadhaa, na siku hizo ndizo nafasi yako ya kuokoa mali.

KUJENGA KWA KIPIMO

Mhandisi naye huhitaji hesabu hiyo. Mlango wa mfereji ukijengwa juu mno, wakati wa kiangazi hautapata maji. Pampu ikiwekwa chini mno, itazama. Tena mto huhama. Mwaka 1989 Tana uliacha njia yake pale Hola, maji yakawa mbali na pampu, na skimu ikasimama.

Ukisikia "mafuriko ya mara moja katika miaka 50", usidhani kwamba yakiisha kuja una miaka 49 ya kupumzika. Maana yake ni kwamba kila mwaka nafasi ni moja kati ya 50. Ukikaa shambani miaka 20, nafasi ya kuyaona ni karibu moja kati ya tatu. Hatari hiyo si ndogo kwa mtu aliyekopa fedha za pampu.

MAMBO YA KUFANYA

1. Weka alama juu ya mti au nguzo imara mahali maji yalipofika katika kila mafuriko, na uandike mwaka. Mwonyeshe mhandisi ajapo kupima.

2. Pampu yako iwe juu ya kigari au jukwaa linaloweza kuhamishwa kwa muda mfupi.

3. Sikiliza redio kwa habari za Idara ya Hali ya Hewa. Ukisikia Masinga limejaa, usingoje maji uyaone. Hamisha pampu, mbolea na mifugo siku hiyo hiyo.

4. Panda migomba na miembe palipoinuka. Karibu na maji panda mimea ya muda mfupi, kama matikiti.

5. Ingieni katika chama cha watumiaji maji, mlinde vituo vya kupimia na mgawane maji ya kiangazi kwa zamu.

Kielelezo si ramli. Huweza kukosea, hasa vipimo vikiwa vichache. Lakini mkulima anayeijua hesabu ya mto na kuhama mapema, hata hesabu ikizidi kidogo, amepoteza jasho la siku moja tu. Anayepuuza huweza kupoteza mavuno ya mwaka mzima.