Maktaba ya Nairobi Yapata Wenyewe

Maktaba ya McMillan, katikati ya mji wa Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931. Lady McMillan aliijenga iwe ukumbusho wa marehemu mumewe, lakini kwa miaka mingi walioruhusiwa kusoma humo walikuwa Wazungu peke yao. Baadaye milango ilifunguliwa kwa watu wote. Hata hivyo jengo likazidi kuchakaa, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara.

Mwaka 2017 mabibi wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, waliunda chama kiitwacho Book Bunk. Mwaka 2018 walipatana na Serikali ya Kaunti, wakaanza kuchangisha fedha kwa wahisani na kwa karamu. Tena hawakuanza na jumba kubwa, bali na yale matawi madogo yaliyo karibu na nyumba za wafanya kazi, wakiwauliza wenyeji wanataka maktaba ya namna gani.

Mji wo wote mdogo waweza kufuata mfano huu. Haba na haba hujaza kibaba. Na maktaba iliyotengenezwa kwa shauri la wasomaji wake haitakosa walinzi.