Mbinu za kujiandaa kwa mtihani wa MCAT

Mbinu za kujiandaa kwa mtihani wa MCAT ni njia za kujisomea zinazowasaidia wanafunzi wanaotaka kujiunga na vyuo vya tiba nchini Marekani, pamoja na vyuo vingi vya Kanada. MCAT ni kifupi cha jina la Kiingereza Medical College Admission Test. Mtihani huo huendeshwa na umoja wa vyuo vya tiba vya Marekani, unaojulikana kwa kifupi kama AAMC.

Mtihani wa kwanza wa aina hiyo ulitungwa na Fred Moss na wenzake mwaka 1928, wakati wanafunzi wengi wa tiba walipokuwa wakiacha masomo kabla ya kuhitimu. Tangu mwaka 2007 hufanywa kwa kompyuta, na muundo wake wa sasa ulianza mwaka 2015.

Muundo wa mtihani

MCAT ina maswali 230 ya kuchagua jibu, katika sehemu nne:

- Kemia na fizikia za viumbe hai: maswali 59, dakika 95
- Ufahamu na uchambuzi wa matini: maswali 53, dakika 90
- Biolojia na biokemia: maswali 59, dakika 95
- Saikolojia na sosholojia: maswali 59, dakika 95

Kila sehemu hupewa alama kati ya 118 na 132, hivyo jumla huwa kati ya 472 na 528. Kikokotoo hakiruhusiwi. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo hakuna faida ya kuacha swali lolote bila kujibiwa.

Mtu anaruhusiwa kufanya mtihani huu mara 3 kwa mwaka, mara 4 katika miaka 2 mfululizo, na mara 7 tu maishani. Hata aliyejiandikisha asitokee huhesabiwa kuwa ametumia nafasi moja. Ndiyo maana ni muhimu kutofautisha mapema kati ya kujua somo na kudhani unalijua.

Kujipima badala ya kurudia kusoma

Wanafunzi wengi hurudia kusoma kitabu kilekile na kupigia mistari sentensi muhimu. Kadiri maneno yanavyozoeleka machoni, ndivyo msomaji anavyodhani kwamba ameyashika. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio juu ya jambo hilo. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi kuliko waliojipima. Baada ya wiki moja hali iligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi, ingawa waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangekumbuka.

Kwa MCAT, maana yake ni kufunga kitabu na kuandika unachokumbuka kwenye karatasi tupu. Kwa mfano, mtahiniwa anatakiwa kuzijua asidi amino 20. Azichore zote bila kuangalia, kisha alinganishe na kitabu na kurekebisha alipokosea.

Kukariri pekee hakutoshi. Swali linaweza kueleza protini inayoshikamana na DNA, ambayo lisini yake moja imebadilishwa kuwa asidi ya glutamiki, kisha likauliza kwa nini imeshindwa kushikamana vizuri. Anayejua kwamba lisini ina chaji chanya, asidi ya glutamiki chaji hasi, na DNA chaji hasi, atapata jibu: chaji zinazofanana husukumana.

Kugawa masomo katika siku nyingi

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba mtu husahau haraka sana mwanzoni, na kwamba kurudia kwa vipindi huimarisha kumbukumbu. Saa 6 za mada moja zikigawanywa katika siku kadhaa huleta faida ya kudumu kuliko zikitumiwa zote usiku mmoja.

Wengi hutumia kadi zenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Programu ya Anki, iliyotolewa mwaka 2006, hupanga kadi hizo yenyewe: ile iliyokosewa hurudi mapema, na ile inayojulikana hurudi baada ya muda mrefu zaidi.

Kuchanganya mada

Anayefanya maswali 30 ya mada moja mfululizo hujua kanuni ya kutumia kabla hata ya kusoma swali. Katika mtihani hakuna anayemwambia ni mada gani. Kwa hiyo, baada ya kuielewa mada, inafaa kuchanganya maswali yake na ya mada nyingine.

Ufahamu wa matini

Sehemu ya pili haihitaji maarifa ya sayansi. Ina matini 9 za fani na sayansi za jamii, na majibu yote hutokana na matini zenyewe. Wastani ni dakika 10 kwa kila matini pamoja na maswali yake. Kwa kuwa uwezo huu hukua polepole, mazoezi machache ya kila siku husaidia kuliko mengi ya mwisho wa wiki.

Mitihani ya majaribio

AAMC hutoa mitihani ya majaribio inayofanana na ule wenyewe. Inafaa ifanywe kwa muda kamili, kuanzia asubuhi, bila simu, kwa kuwa maswali peke yake huchukua saa 6 na dakika 15.

Alama si faida pekee ya jaribio. Kila swali lililokosewa liandikwe katika daftari la makosa pamoja na sababu yake: mada haikujulikana, swali halikueleweka, hesabu ilikosewa, au muda uliisha. Asiyeijua mada anahitaji kusoma tena. Aliyeishiwa muda anahitaji mazoezi ya saa. Maswali yaliyopatikana kwa kubahatisha yaandikwe pia, kwa sababu yanaficha udhaifu uleule.

Usingizi nao ni sehemu ya maandalizi, kwani ubongo huimarisha kumbukumbu wakati wa kulala. Kukesha usiku wa kuamkia mtihani hupunguza umakini unaohitajika kwa saa nyingi za siku inayofuata.