Palipomwagwa Betri Pasipandwe Mboga

Wenzetu wa vikundi, mkitaka kukodi kipande cha shamba karibu na soko la Keroka, ulizeni kwanza: je, hapa palipasuliwa betri za magari? Ndani ya betri mna risasi. Si ile ya bunduki, lakini nayo huumiza watoto, hasa ubongo. Haiozi, hukaa juu juu ya udongo miaka na miaka. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza 2007 kikafungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3.

Wengine husema panda alizeti, itanyonya sumu yote. Lakini risasi hainyonyeki upesi hivyo. Utangoja miaka mingi, na mabua yenyewe usiyachome wala kulisha ng'ombe.

Afadhali kuifunga pale pale. Udongo wetu wa Kisii na Nyamira una tindikali, kwa mvua nyingi na DAP ya kila msimu, na tindikali huilegeza risasi iingie mizizini. Kwa hiyo okoteni vipande vya betri kwanza, halafu mtie chokaa ya shamba na samadi iliyooza vizuri. Unga wa mifupa ukipatikana ni bora zaidi, kwani fosfeti yake huishika risasi isiyeyuke kwa urahisi. Kisha pandeni nyasi pafunikwe kabisa, maana vumbi ndilo linalowafikia watoto. Nyasi hiyo isikatiwe ng'ombe.

Chinsaga, managu na sukuma zitafutiwe mahali pengine.